Mpini Uliopimwa kwa Kamba ya Nguo

Vijana wa Jericho, hamjambo. Najua hamjambo, maana kila nikipita karibu na ule ukuta wenu nawaona mmekaa, na mtu mgonjwa hawezi kukaa muda mrefu namna ile bila kulalamika mgongo. Mwenyekiti wenu wa vijana kanisani ameniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu ili mpate moyo. Nikamuuliza, moyo wa kufanya nini? Akasema, "Wa kujituma, mzee." Basi jitumeni, hata kama ni kujituma kufika mwisho wa ukurasa huu.

Mimi nilikuwa fundi wa mipini hapa sokoni. Mipini ya majembe, ya nyundo, ya sururu, lakini zaidi ya mashoka. Nimestaafu kwa sababu mikono imeanza kutetemeka, na fundi anayetetemeka akishika kisu, wateja huanza kukumbuka shughuli zingine. Mmoja wenu, simtaji lakini anajijua kwa ile kofia, aliwahi kuniambia, "Buda, si hiyo ni kijiti tu? Unachonga, unaingiza, imeisha." Ni kweli kabisa, mwanangu. Kichwa cha shoka kikiruka kikakupata, imeisha.

Sikuanza na mipini. Nilikuja Nairobi kutoka Ukambani nikiwa mchongaji wa twiga. Tuliwachonga kwa mjakaranda, mti mlaini unaokubali kila unachouambia. Ukimaliza unampaka twiga rangi nyeusi ya viatu, unamsugua kwa kitambaa mpaka ang'ae, na mtalii anaondoka akijua amebeba mpingo. Sijivunii jambo hilo. Naeleza tu kiwango cha elimu niliyokuwa nayo nilipoanza kutengeneza vifaa vya watu wazima.

Watalii walipopungua nikapata nafasi sokoni Jericho, karibu na Mzee Gachoka, fundi wa mipini aliyetoka Murang'a. Alikuwa mtu wa maneno machache, na karibu yote yalikuwa matusi. Alitaka nikae kwanza nitazame. Mimi nikaona nitazame nini, nami nimechonga twiga wenye masikio? Mteja wangu wa kwanza alikuwa muuza nyama wa Donholm aliyetaka mpini wa shoka la kukatia mifupa. Nikamchongea wa mjakaranda. Nikaupiga msasa mpaka ukawa kama shavu la mtoto, kisha, kwa kuwa nilitaka ajue amepata fundi, nikaupaka rangi ya viatu na kuusugua.

Muuza nyama alifurahi sana, akawaonyesha majirani. Halafu akashika ule mpini kwa mikono yenye mafuta na kulenga paja la ng'ombe. Shoka likamtoka, likapita juu ya mizani, likakita kwenye kalenda ukutani. Akaliondoa, akafuta mikono, akajaribu tena. Safari hii halikumtoka. Mpini ulikatika katikati. Alinirudishia vipande viwili akiwa amevifunga kwa karatasi ya nyama, akaniambia, "Fundi, chukua, mfupa pekee uliokatika leo ni huu wako."

Mzee Gachoka alichukua kipande kimoja akakinusa. Akaniangalia. "Wewe Mkamba," akasema, "hii ilikuwa ya kukata mfupa ama ya kwenda harusi?" Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaanza kunifundisha, nadhani ili asife kwa kicheko.

Haya aliyonifundisha mimi nayatoa bure, kwa hiyo najua hamtayathamini. Mti wa mpini ni mpera. Ipo miti mingine mizuri, lakini mpera unapatikana kwenye boma la shangazi yako na hauhitaji kibali cha mtu ila shangazi. Tafuta shina lililonyooka, unene wa paja la mtoto, lisilo na vifundo. Usilipasue kwa msumeno. Msumeno hukata nyuzi za mti popote unapopita, na pale zilipokatwa ndipo mpini unapovunjikia. Lipasue kwa kabari na nyundo, liamue lenyewe litafunguka wapi. Mzee Gachoka alikuwa anasema nyuzi zianzie kwenye tundu la shoka zifike mkiani bila kutoka nje njiani. Ukiona zimetokea ubavuni, hicho ni kipande cha kuchochea chai.

Kisha ukaushe. Hapa ndipo vijana wote hunikimbia. Unapaka rangi kwenye ncha mbili ili unyevu usitoke haraka na kupasua mti, halafu unaweka kivulini, mahali penye upepo, na unasubiri miezi. Naam, miezi. Hakuna video ya simu ya kuharakisha. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza alianika vipande vyangu juu ya mabati wakati wa jua la Januari ili kunisaidia. Vikajikunja vyote. Nilimshukuru, nikamwambia tuna pinde za kutosha sasa, atafute mishale.

Halafu kuna maarifa ya mitaa yetu ya Eastlands, ambayo kila mtu anayo. Shoka likilegea, watu wote kuanzia hapa hadi Dandora hulitumbukiza kwenye beseni la maji. Mti unavimba, shoka linakaza, mwenye shoka anajisifu. Siku mbili baadaye mti unakauka, unasinyaa kuliko ulivyokuwa, na kichwa kinacheza zaidi. Basi analirudisha kwenye beseni. Nimewahi kuletewa shoka lililoogeshwa hivyo mwaka mzima, mpini umeoza tunduni kama jino. Wasioamini maji huamini misumari. Wanagongomea misumari sita juu ya mpini, mti unapasuka vipande saba, wanashangaa. Dawa ni moja tu. Ukate mfereji kwa msumeno kwenye ncha ya mpini, upigilie kabari moja ya mti mkavu kuliko mpini wenyewe. Na unapoingiza kichwa, usikigonge. Shika shoka likining'inia, kichwa kikiwa chini, kisigonge kitu, halafu ugonge mkia wa mpini kwa nyundo ya mti. Kichwa kitapanda mpini chenyewe, juu juu, mbele ya macho yako. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani Mzee Gachoka ni mchawi. Mpaka leo sina uhakika.

Nilijifunza hayo yote. Na mtu akishajifunza yote huwa tayari kufanya kosa kubwa, ndiyo maana nataka niwaambie habari za Nyokabi.

Nyokabi alikuwa mpasua kuni wa Dandora. Aliwapasulia kina mama wanaopika githeri na chapati, na watu wenye matanga na harusi. Mumewe alikuwa amefariki, naye alikuwa na wasichana wawili shuleni, na shoka ndilo lilikuwa linawasomesha. Lilikuwa shoka la mamake, kichwa kizee kilichonolewa mara nyingi, chuma kizuri. Tatizo lilikuwa mipini. Alikuwa amenunua miwili dukani, ile inayong'aa, iliyokatwa kwa mashine isiyojua nyuzi ni nini. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili haukuvunjika, ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kichwa kilichomoka kikiwa hewani, kikavuka ua, na kutoboa tangi la maji la ploti nzima, la wapangaji wote. Dakika moja kabla, mtoto wa jirani alikuwa amesimama pale akijaza mtungi.

Keateka wa ploti, yaani msimamizi wa mwenye nyumba, mtu aliyependa sana kuitisha mikutano, aliitisha mkutano huku maji yakiendelea kumwagika. Akatoa uamuzi. Nyokabi akisababisha kisa kingine na hilo shoka, kuni zote zitoke ploti, na asipasue tena humo. Mahali pengine pa kupasulia hakuwa napo. Kwa hiyo alipokuja kwangu alikuwa na nafasi moja.

"Mzee," aliniambia, "nataka mpini haiwezi kunitoroka."

"Umefika," nikamwambia. Nilikuwa fundi anayejulikana, mnaelewa. Nilikuwa na kipande cha mpera kilichokauka vizuri, ukikigonga kinalia kama chungu kizima. Sikumuuliza swali hata moja. Nilipima urefu kama nilivyozoea, kutoka kwapani hadi ncha za vidole, na kwapa nililopima lilikuwa langu. Nikachonga mpini mrefu, mviringo, mzuri. Sikuupaka rangi ya viatu, kwa hiyo nilijiona nimekomaa. Nikapigilia kabari, nikaupaka mafuta ya mbuzi, nikamkabidhi. Nilimwambia hata wajukuu wake watautumia.

Alirudi kesho yake kabla ya saa nne, akalitupa shoka juu ya meza yangu.

"Hii ulipima nani?" akauliza. "Ama ulijipima mwenyewe?"

Watu wa vibanda vya karibu walinyamaza ghafla, wote, kwa adabu ya kutaka kusikia vizuri. Nikamuuliza kama kichwa kimechomoka. Akasema kichwa kiko sawa, kichwa ndicho kitu pekee kilicho sawa. Alipoinua shoka mara ya kwanza, kichwa kilinasa kamba ya nguo. Kamba ikakatika, na shuka za Mama Otis, za kitanda kikubwa, nyeupe, zikalala kwenye tope. Alipojaribu tena, mahali wazi kidogo, mpini ukazunguka mkononi mwake na shoka likapiga gogo kwa ubavu.

"Unazungukaje?" nikamuuliza, kama vile kosa lilikuwa lake.

Hapo ndipo aliponionyesha mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho na cha pili yake vilikuwa vimesimama. Gogo lilivivunja zamani, vikapona vikiwa hivyo, havikunjiki. Alikuwa amesimama mbele yangu jana yake na mkono huohuo, na mimi nikiongea kuhusu wajukuu.

"Keateka amesema nini?" nikauliza.

"Amesema shuka si tangi. Ameniongezea mpaka Jumamosi. Jumamosi anakuja kuona na macho yake. Nikiharibu kitu kingine, mzee, hao wasichana nitawaambia nini?"

Niliona aibu. Nasema wazi, ili msidhani wazee huwa hawaoni aibu, tunaificha tu kwa kukohoa. Nikakohoa. Kisha nikafunga kibanda mchana kweupe, kitu ambacho sikuwahi kufanya hata Gachoka alipozikwa, kwa kuwa yeye mwenyewe angenitukana, nikaenda Dandora kuangalia.

Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuona mahali ambapo shoka langu hata moja linafanya kazi. Nilikuta ua mwembamba, milango upande huu na upande huu, na juu yake kamba za nguo, nne, kutoka ukuta hadi ukuta. Hakukuwa na anga pale, kulikuwa na suruali za watu. Nikamwambia ainue shoka taratibu nione. Alikuwa hainui juu kichwani kama sisi. Alilileta kutoka begani, mkato mfupi, magoti yakiinama pamoja na shoka, na nguvu ikitoka kiunoni. Ulikuwa upasuaji wa kupendeza, na mpini wangu ulikuwa unamzuia kila mahali.

Nikachukua kijiti nikakivunja hatua kwa hatua, mpaka kichwa cha shoka kikawa kinapita chini ya kamba, nafasi ya ngumi moja. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Kwapa la mtu halikuhusika.

Bado mkono. Mkono wa namna ile huwezi kuupima kwa rula. Jirani yake mmoja alikuwa anakanda unga wa chapati mlangoni. Nikamwomba donge. Akaniuliza la nini, nikasema la mpini, akanipa huku akinitazama kama mtu wa kuombewa. Nikalizungushia kwenye kijiti nikamwambia Nyokabi akamate kwa nguvu zake zote, kama gogo liko mbele. Ua mzima ulitoka kutazama.

"Mama Shiru, sasa unapasua chapati?" mtu akamuuliza Nyokabi kutoka dirishani, akimwita kwa jina la bintiye.

"Za kukata na shoka ni chapati zako," mwingine akamjibu. "Tumezoea."

Nyokabi mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Lakini alikamata. Donge lilitoka na umbo lote, mashimo marefu ya vidole vitatu, kiganja, na pale pa vidole viwili pakavimba unga uliokosa wa kuushika. Nilirudi nalo Jericho nikilishika kwa mikono miwili, njia nzima. Mnaweza kucheka. Walionipita walicheka.

Usiku sikufanya kazi, kwa sababu fundi mwenye akili hachongi asichokiona. Nilianza asubuhi, nimeweka donge mezani, limekauka na kuwa gumu, na nikachonga nikiliangalia. Hapo, kwa mara ya kwanza, wale twiga walinisaidia. Mtu aliyezoea kutoa goti la twiga kwenye gogo bila kipimo, jicho lake linaweza kufuata mkono wa mtu. Sikuufanya mpini mviringo. Niliufanya wa yai, ubapa mbavuni, ili mkono ujue bila kuangalia makali yako upande gani. Pale pa vidole viwili nikaacha mti umevimba, ujaze nafasi na kuegemea vidole vyenyewe visivyokunjika. Mkiani nikaacha kifundo kinene ili usiteleze kutoka. Na msasa sikuutia. Mikwaruzo ya tupa niliiacha kama ilivyo, kwa sababu mkono wenye jasho unahitaji kitu cha kushika, na mpini haukuwa unakwenda harusi.

Jumamosi nilikwenda. Sikualikwa. Keateka alikuwa ameweka kiti katikati ya ua kama hakimu, kisha akafikiri kidogo na kukisogeza nyuma ya ukuta. Majirani walikuwa wamesimama milangoni, watoto wamefungiwa ndani. Tangi lilikuwa limefunikwa kwa godoro. Nyokabi alileta gogo la mkaratusi lenye kifundo, lile ambalo mtu yeyote mwenye busara angelichagua mwisho. Nikamwambia kwa sauti ya chini aanze na jepesi.

"Nikianza na jepesi watasema ni jepesi," akanijibu.

Akalipiga. Shoka lilipita chini ya nguo za watu, halikugusa hata soksi, likaingia kwenye gogo na kukwama. Ua mzima ukavuta pumzi. Akaweka mguu, akalitikisa, akalichomoa. Nilikuwa naangalia tundu la shoka tu, kama kichwa kimesogea hata unywele. Hakikusogea. Akapiga tena palepale, tena, na mara ya nne gogo likafunguka na vipande vikalala huku na huku. Halafu hakusimama. Aliendelea na la pili na la tatu, haraka, bila kumwangalia mtu, na machozi yanamtoka. Nikakohoa.

Keateka alitoka nyuma ya ukuta, akaliangalia shoka, akaligusa, akaangalia tangi. "Sawa," akasema. "Lakini godoro itabaki." Kisha akaomba apasuliwe kuni kidogo za nyumbani kwake.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Tangu hapo sikuwahi kumchongea mtu mpini bila kwenda kuona anaposimama, na mafundi wenzangu walisema nimezeeka vibaya. Huenda. Mnaotaka kujifunza kazi yoyote, iwe ya mpini au ya hizo kompyuta zenu, nendeni kwanza mkaone kamba ya nguo iko wapi. Mwenyekiti, hapo ndipo pa kutia moyo, unaweza kupapigia mstari.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Nyokabi alikuja nyumbani kwangu na gunia. Binti mkubwa amemaliza sekondari, mdogo yuko karibu. Amenenepa kidogo na nywele zimeingia mvi.

"Mzee, shoka imeisha," akasema.

Nikaanza kumweleza kwamba nimestaafu, mikono hii haichongi tena, mpini wa miaka tisa umefanya kazi ya kutosha, asihuzunike, na dukani siku hizi kuna mashoka kamili. Aliniacha nimalize, kisha akafungua gunia. Kichwa kilikuwa kimenolewa mpaka kikabaki kama kijiko, na ufa umepita kwenye tundu. Mpini ulikuwa mzima.

"Nitafutie shoka ya kuingia kwa hii," akasema.

Niliuchukua nikausogeza kwenye mwanga. Mahali pa vidole vitatu palikuwa pamelika na kuwa laini, pamekuwa pekundu kwa jasho. Pale pa vidole viwili mikwaruzo ya tupa yangu ilikuwa bado ipo.

Nilimpata muuza vyuma vikuukuu, nikachagua kichwa cha chuma kizuri, lakini tundu lake lilikuwa dogo. Fundi yeyote angechonga mpini kidogo uingie, ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilikaa kwenye kiti changu siku tatu nikikwangua chuma kwa tupa, mikono ikitetemeka, nikipanua tundu kidogo kidogo hadi likaufuata mti. Mpini sikuugusa.